Mrejesho: Betri ya Hiace kuisha chaji ikipaki

Wakuu nimerudi. Niliwauliza kuhusu Hiace yangu niliyoweka kitanda na friji ya 12V, nikiipaki siku tano hapa Ujiji betri inakufa kabisa mpaka niombe vijana wa boda wanisukumie. Mkasema nifunge swichi ya kukata betri, nimefunga.

Fundi wa kule Mwanga alitaka aiweke kwenye waya wa friji tu, nikagoma, maana tulipopima kwa mita friji ikiwa imezimwa bado kuna kitu kinakula miliampia 400, kumbe ni inveta (ile ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani) inakaa stendibai mchana na usiku. Basi tukafungua waya wa hasi wa betri kwanza, spana namba 10, tukaweka swichi hapo hapo kwenye hasi na waya mnene, sababu umeme wote wa selfu (mota ya kuwashia injini) unapita humo. Swichi ya kwanza ya bei chee ilikuwa inacheza kama jino bovu, nikairudisha.

Sola nimeipeleka moja kwa moja kwenye betri, la sivyo ukikata swichi na chaji inakatika.

Juzi nimerudi kutoka Kasulu, gari ililala wiki nzima, mita inasoma volti 12.6, selfu moja ikawaka. Redio tu ndo imesahau stesheni zote.