Naomba ushauri: vigawo vya 4,294,967,297

Habari zenu wakuu. Nafundisha vijana wa kidato cha nne, na tumekwama kwenye 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 ukijumlisha 1. Mwanahisabati Fermat aliamini ni namba tasa, lakini mwanahisabati mwingine, Euler, akaonyesha mwaka 1732 kwamba inagawanyika kwa 641. Tumegawanya wenyewe ubaoni: jibu 6,700,417, baki 0. Darasa zima lilishangilia!

Sasa, kila kigawo cha 4,294,967,297 ukikigawa kwa 64 kinabaki 1, ndiyo maana kabla ya 641 inatosha kujaribu namba tasa za aina hiyo, yaani 193, 257, 449 na 577 tu. Nimewaeleza kwa hesabu za mabaki, wakapotea njiani. Kuna njia nyepesi ya kulithibitisha hilo? Na 6,700,417 tuioneshe vipi kuwa ni tasa bila kompyuta?