Mrejesho: mguu wa mwanangu aliyegongwa na bodaboda

Wakuu, niliuliza kama mtoto wa miaka 8 aliyevunjika paja alazwe akivutwa mguu kwa uzito au awekewe vyuma. Tulikubali vyuma: viwili vyembamba vinavyopinda, vikaingizwa ndani ya mfupa kutokea juu ya goti, bila kugusa gegedu la ukuaji (ile sehemu laini karibu na ncha ya mfupa, ambako mfupa wa mtoto hurefukia). Hilo likiharibika, mguu unaweza kubaki mfupi au kupinda. Sasa ni mwezi wa tatu tangu awekewe vyuma, magongo kayatupa (mwenyewe, sikumruhusu!). Vyuma vitatolewa mfupa ukishaunga sawasawa. Kilichonishangaza: mguu uliovunjika unaweza kurefuka kuliko mwenzake, hata sentimita 1, kwa hiyo kliniki ya kupima urefu inaendelea. Yule mkandaji mliyenielekeza, samahani, sikwenda.