Ulinganisho: Matangazo, viungo, makala au ramani? Njia za kuiletea tovuti ya karakana ya Keko wateja kutoka Google

Samani_Keko:

Wakuu, habari za kazi. Tunatengeneza samani hapa Keko, na mwaka huu tumefungua tovuti ambayo anwani yake iko kwenye wasifu wangu. Wateja wengi bado huletwa na wenzao au na picha za Instagram, ilhali wanaotufikia kupitia Google ni wa kuhesabika. Nimependekezewa njia nne: kulipia matangazo ya Google, kununua kifurushi cha viungo (yaani links za kutoka tovuti nyingine kuja kwenye yetu) kwa mtu anayeahidi ukurasa wa kwanza ndani ya mwezi mmoja, kumlipa mwandishi wa makala, na kuiandikisha karakana kwenye ramani ya Google. Fedha tuliyonayo haiwezi kubeba zote. Naomba mnilinganishie mkitoa sababu, kwa maana kila niliyemwuliza hunisifia njia anayoiuza yeye.

Mkaguzi_Tabata:

Ndugu, nianze na viungo, kwa kuwa hiyo ndiyo njia ya kuiondoa kwanza. Larry Page na Sergey Brin walipoianzisha Google mwaka 1998, msingi wa hesabu yao ulikuwa kwamba ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine zenye heshima unastahili kutangulizwa. Wazo lilikuwa sahihi, lakini lilipojulikana tu, viungo vikageuka bidhaa ya sokoni. Google ilijibu kwa mabadiliko yaliyoitwa Penguin, ya Aprili 2012, yaliyozishusha tovuti zilizojipandisha kwa viungo vya kutengeneza, na leo sera zake zinataka kiungo kilicholipiwa kiwekewe alama ya kuonyesha hivyo. Kwa hiyo kifurushi unachouziwa ama kitapuuzwa na fedha yako itakuwa imekwenda, ama kitakuletea adhabu ambayo kuiondoa huchukua muda mrefu. Google yenyewe inawaonya wenye tovuti kwamba hakuna anayeweza kuwahakikishia nafasi ya kwanza. Ukitaka viungo vya kweli, viombe kwa watu unaofanya nao kazi: hoteli uliyoiuzia meza, mkandarasi unayemtengenezea milango, duka linalokuuzia mbao.

Mwandishi_Mbezi:

Kaka, nimeifungua tovuti yenu na kuisoma yote. Kichwa cha ukurasa wa vitanda ni “Bidhaa”, cha sofa ni “Bidhaa”, cha meza pia ni “Bidhaa”. Na chini ya kila picha mmeandika “Ubora wa hali ya juu, piga simu kwa bei”. Hapatajwi mninga wala mkongo, wala vipimo, wala Keko yenyewe. Mteja wa Dar es Salaam akitafuta kwa simu huandika kama anavyosema: “bei ya kitanda cha mninga 5 kwa 6”. Google itamleteaje ukurasa ambao haumwambii bei, mbao wala kipimo?

Ndiyo maana ningetanguliza maandishi, lakini si makala za jumla za kujaza tovuti. Andikeni ukurasa mmoja kwa kila aina ya samani, kichwa chake kiwe kama “Vitanda vya mninga 5 kwa 6 na 6 kwa 6, Keko, Dar es Salaam”, na ndani yake mjibu yale ambayo wateja huwauliza kila siku: bei inaanzia wapi na inapanda kwa sababu gani, mninga na mkongo vinatofautianaje, mbao zimekaushwa vipi, oda inachukua siku ngapi, na nani anagharamia usafiri hadi Kigamboni au Tegeta. Majibu hayo anayo fundi. Kazi ya mwandishi mtakayemlipa ni kukaa na fundi, kumsikiliza na kuyapanga anayoyasema. Msirudierudie neno “kitanda” mkidhani mnaifurahisha Google, kwani tangu mabadiliko yake yaliyoitwa Panda, ya Februari 2011, imekuwa ikizishusha kurasa zisizomnufaisha msomaji. Ile orodha ya maneno muhimu inayofichwa kwenye msimbo wa ukurasa nayo iacheni. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo.

Matangazo_Kariakoo:

Nakubaliana na dada kuhusu kurasa, ila sikubali matangazo yawekwe kando. Ukurasa mpya unaweza kuchukua miezi kabla ya kupanda, na karakana ina mafundi wa kulipwa mwezi huu. Matangazo huonekana pindi yanapoidhinishwa, nawe hulipa mtu anapobofya. Unaweza kuyafungia ndani ya Dar es Salaam na kwa saa ambazo kuna mtu wa kupokea simu. Muhimu zaidi ni kuweka maneno ya kuzuia, ili anayetafuta “ajira za useremala” au “chuo cha useremala” asioneshwe tangazo lako, vinginevyo utawalipia watu wasionunua hata kiti. Nakiri mambo mawili: siku ukiacha kulipa unatoweka, na kulipia matangazo hakukupandishi katika matokeo ya kawaida. Hata hivyo, ripoti ya maneno yaliyoandikwa na waliobofya itamsaidia mwandishi wako kujua kurasa zipi zianze.

Kijana_Ubungo:

Samahani wakuu, kwa nini asitumie akili mnemba kuandika makala mia kwa mkupuo? Gharama yake ni ndogo sana.

Mwandishi_Mbezi:

Mdogo wangu, kifaa chenyewe hakikatazwi. Kinachokatazwa, na hili lipo wazi katika sera za Google za Machi 2024, ni kuzalisha kurasa kwa wingi kwa lengo la kupanda kwenye matokeo bila kumsaidia msomaji, iwe zimeandikwa na mashine au na mtu. Tena hakuna mashine inayojua mbao za Keko zilizopo stoo wiki hii.

Samani_Keko:

Nawashukuru sana. Nina maswali mawili. Ramani inatusaidiaje ikiwa karakana iko uchochoroni? Pia wateja wanalalamika kwamba tovuti inachelewa kufunguka.

Mkaguzi_Tabata:

Ramani ni bure, kwa hiyo haishindani na nyingine kwa fedha. Ifanye wiki hii. Utaweka alama mahali ulipo, kisha utathibitisha, na mara nyingi Google huomba video ya eneo la kazi. Tumia jina halisi la karakana bila kulibandika maneno ya ziada, weka saa za kazi na picha za kweli, na mwombe mteja aandike maoni baada ya kupokea mzigo, bila kumpa zawadi, kwa sababu maoni ya kununuliwa hayaruhusiwi. Upungufu wake ni kwamba Google hupanga matokeo ya ramani kwa kuangalia pia umbali. Anayetafuta “fundi samani” akiwa Chang'ombe anaweza kukuona, lakini aliye Bunju ataletewa kwanza walio karibu naye. Huyo wa Bunju atakufikia kupitia kurasa alizozieleza dada, au kwa tangazo.

Kuhusu kasi, nimepima. Picha zenu zimepandishwa moja kwa moja kutoka kwenye kamera ya simu, nyingine inapita MB 4, na mteja aliye ndani ya daladala anazilipia kwa bando lake. Zipunguzeni kila moja hadi chini ya KB 200. Kipimo cha Google ni kwamba kipande kikubwa kuliko vyote kwenye ukurasa, mara nyingi picha kuu, kionekane ndani ya sekunde 2.5, nayo hutazama toleo la simu kwanza.

Jambo jingine nimelikuta kwenye msimbo: ukurasa wa makabati una amri ya noindex, ambayo inaiambia Google isiuorodheshe kabisa. Bila shaka iliwekwa wakati tovuti ikijengwa na haikuondolewa. Mwambie aliyeijenga aiondoe kabla hujatoa shilingi kwa yeyote, kisha uingie Search Console, huduma ya Google ya bure inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi Google inavyoziona kurasa zake, uwasilishe ukurasa huo upya.

Samani_Keko:

Nimempigia sasa hivi, ameahidi kuiondoa leo. Tutaanza na ramani na ukurasa wa vitanda, na fundi mkuu amekubali kukaa na mwandishi Jumamosi. Matangazo tutayaweka kidogo kwa vitanda tu, ukurasa huo ukishakamilika. Mwenye viungo nimemjibu kwamba hatutaendelea. Dada wa Mbezi, naomba unisaidie jambo moja: bei za mbao zikibadilika katikati ya mwezi, nibadilishe kwenye ukurasa uleule au nifungue mwingine?

Mwandishi_Mbezi:

Uleule, kaka. Badilisha bei na uandike tarehe ya mabadiliko. Anwani ya ukurasa isiguswe.