Naomba ushauri: kumpeleka mama Kilwa Kisiwani na Kilwa Kivinje
Ndugu zangu, natarajia kumpeleka mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, kuona magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyomo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na kisha mji mkongwe wa Kilwa Kivinje wenye boma la Wajerumani. Tutalala Kilwa Masoko kwa siku mbili na kuchukua kibali na mwongoza watalii hapo hapo.

Kinachonitia wasiwasi ni goti lake. Nilipokwenda peke yangu maji yalikuwa yamekupwa, hivyo mashua ilisimama mbali, tukakunja suruali na kukanyaga tope na mawe makali hadi ufukweni. Yeye hataliweza hilo. Je, maji yakijaa, boti ya injini hufika karibu zaidi? Na kutoka Msikiti Mkuu hadi Husuni Kubwa, kasri lililo juu ya jabali linalotazama bahari, kuna bodaboda au ni miguu tu? Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu pia, nimekwishaiondoa, maana hata mimi mikoko yake ilinitoa jasho. Kivinje nadhani bajaji itatosha, ila kama kuna mzee wa mji anayeijua historia yake vizuri, ningependa mama amsikilize yeye.