Robertinho kaondoka, nani apewe Simba?

Mnyama wa Temeke: Wakuu, taarifa ya klabu imetoka leo tarehe 7 Novemba 2023. Mkataba wa kocha wetu Robertinho umesitishwa, na kocha wa viungo Hategekimana kaenda naye. Makocha Cadena na Matola wanashika timu kwa muda. Alhamisi tuna Namungo, na tarehe 25 ASEC Mimosas wanatua kwa Mkapa, Ligi ya Mabingwa Afrika. Tuweke majina mezani. Ya Jumapili, zile tano kwa moja za Yanga, naomba tusiyafukue, wengine bado hatujaenda kazini.

Lunyasi Damu: Mgunda. Yupo ndani, anafundisha Simba Queens, timu yetu ya wanawake, hahitaji mkalimani wala tiketi ya ndege. 2022 kocha Zoran alipotukimbia, Mgunda kakabidhiwa timu juu kwa juu, kaenda Luanda kawapiga de Agosto 3-1 kwao. Derby yake ya ligi na Yanga ilikuwa 1-1. Hakula mkono, yaani tano.

Kiboko ya Mabeki: Mgunda huyohuyo aliyelala kwa Azam kwa kile kimoja cha Dube? Jamani tuwe na adabu na hii klabu. Yule mzee arudi Tanga akauze machungwa Muheza. Simba inataka kocha mwenye CV.

Mwananchi Jangwani: Poleni majirani, salamu kutoka Yanga. Kocha mpya aje na kikokotoo, maana vidole vya mkono mmoja vimeshaisha.

Mgosi wa Chumbageni: Kiboko, hebu rudia hapo kwenye machungwa.

Hesabu za Kichwa: Naandika refu, mnivumilie. Aussems aliondoka Novemba 2019. Baada yake kaja Sven, kaondoka mwenyewe Januari 2021 mara tu baada ya kuitoa Platinum. Kaja Gomes, kamfunga Al Ahly hapa kwa bao la Miquissone, miezi minane baadaye Jwaneng wa Botswana wakatupiga 3-1 kwetu, naye akaaga. Pablo hakufika mwaka. Zoran hakufika hata miezi mitatu. Mgunda akaziba pengo. Robertinho Januari mpaka leo. Hao ni sita ndani ya miaka minne, na kila mmoja tulimpokea uwanja wa ndege kwa matarumbeta.

Sasa niambieni kitu kimoja. Jumapili dakika ya 60 matokeo yalikuwa ngapi? 1-1. Kibu alisawazisha mapema tu. Bao la pili dakika ya 64, la tano dakika ya 87. Timu iliishiwa pumzi. Saido kavuka 30, Chama kavuka 30, na wanacheza pamoja mbele ya viungo wa kati ambao nao wamechoka. Huyo kocha wa saba atakuta wachezaji walewale, waliosajiliwa na watu walewale ambao majina yao hayamo kwenye taarifa yoyote ya kusitisha mkataba. Kocha kwetu ni jalala. Kila kikioza kitu tunamtupia yeye.

Mama Nasra: Mdogo wangu Hesabu, Chama usimguse. Tukose yote, Chama mwachie.

Lunyasi Damu: Naungana na dada. Chama kavuka 30 na Aziz Ki wa Yanga ana ngapi, mtoto wa chekechea?

Hesabu za Kichwa: Sijasema Chama mbaya. Nimesema viungo wamechoka.

Mama Nasra: Umeandika "kavuka 30". Tumesoma.

Kiboko ya Mabeki: Mgosi, narudia kwa herufi kubwa: MACHUNGWA. Muheza. Una tatizo?

Mgosi wa Chumbageni: Ninalo. Ile Ngao ya Jamii mliyobeba Agosti mliichukulia wapi? Mkwakwani. Ally Salim kapangua penalti tatu mbele ya watu wa Tanga, sisi ndio tuliowapigia makofi mpaka viganja vikawaka. Siku ile hakuna aliyesema mambo ya machungwa. Mlilala kwetu, mkala kwetu, mkaoga bahari yetu. Na hiyo juisi unayokunywa hapo Kariakoo inatoka wapi, Ulaya? Coastal Union yetu ya Tanga iliwahi kuwa bingwa wa nchi hii, 1988. Kuna mikoa mingapi inaweza kusema hivyo?

Kiboko ya Mabeki: 1988 mimi sijazaliwa, mzee. Ni kama kujisifu kwamba babu yako aliwahi kuwa na baiskeli.

Mgosi wa Chumbageni: Babu yangu alikuwa na baiskeli. Wa kwako alikuwa anaomba lifti.

Mama Nasra: 😂😂 Mgosi jamani!

Mwananchi Jangwani: Nimekuja kucheka kidogo, sasa nimeagiza na chai.

Kiboko ya Mabeki: Wewe Utopolo usijifanye umezaliwa juzi. 2011 tuliwapiga ngapi? Tano bila. Nyie Jumapili angalau mlifungwa moja, sisi tulifunga mlango.

Mzee wa Kijiweni: 2012, mwanangu. Tarehe 6 Mei. Kocha alikuwa Milovan, Mserbia. Nilikuwepo uwanjani. Okwi mbili, Boban, Mafisango kwa penalti, na penalti nyingine kapiga Kaseja. Kipa! Kavuka uwanja mzima taratibu, kaweka mpira, kafunga, karudi golini kwake kama mtu aliyetoka dukani. Hiyo ndiyo Simba. Na 1977 tuliwapiga sita, Kibadeni peke yake tatu.

Mwananchi Jangwani: Shikamoo mzee. Na 1968 tuliwapiga tano bila. Mbona hiyo huikumbuki?

Mzee wa Kijiweni: Marahaba. Hiyo mliwapiga Sunderland. Jina la Simba limekuja 1971. Kawadai Sunderland.

Lunyasi Damu: Mzee 😂😂😂 hapo umefunga kesi.

Mwananchi Jangwani: Kwa hiyo na mataji ya Sunderland tuyafute, au hayo mtayachukua?

Mzee wa Kijiweni: Mataji ni urithi. Madeni ya marehemu hatulipi.

Mnyama wa Temeke: Ila mzee umenirudisha mbali kumtaja Mafisango. Siku kumi na moja tu baada ya ile mechi tukaamshwa na habari ya ajali.

Mzee wa Kijiweni: Ndiyo. Tarehe 17. Allah amrehemu. Nilikuwa najiandaa kwenda kazini, redio ikasema, nikakaa chini.

Mama Nasra: Apumzike. Mtu wa kazi yule.

Jamaa wa Kisumu: Salamu kutoka Kenya. Sisi wa Gor Mahia tulimjua huyo Robertinho kabla yenu. 2020 tulimchukua, CAF wakasema vyeti vyake haviruhusu akae kwenye benchi, akaenda zake bila hata kutuzoea. Alipofika Vipers ya Uganda akawatoa TP Mazembe, tukabaki tukijiuma vidole. Kwa hivyo msimtukane sana. Rayon Sports ya Rwanda pia aliwafikisha robo fainali ya Kombe la Shirikisho, 2018. Shida yake ni kwamba hapendi kupanga watu wa kukaba.

Lunyasi Damu: Asante ndugu. Hata sisi katufikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Aprili hii. Wydad bingwa mtetezi kala kimoja cha Baleke hapa, kule tukatolewa kwa matuta. Na kwenye African Football League, Al Ahly sare mbili, 2-2 na 1-1. Wiki mbili zilizopita tu! Alikuwa hajapoteza mechi ya ligi msimu huu. Mechi moja, barua.

Kiboko ya Mabeki: Mechi moja ya TANO. Mechi nyingine utafungwa, hii unapigwa mbele ya mama mkwe.

Hesabu za Kichwa: Aliyefungwa tano ndiye huyohuyo aliyetoa sare na Ahly. Kocha yuleyule, kikosi kilekile, wiki mbili. Kilichobadilika ni pumzi. Hakuna anayetaka kujadili ratiba na viungo?

Mama Nasra: Wewe bado una kesi ya Chama.

Mnyama wa Temeke: Majina, wakuu. Hadi sasa nina jina moja tu na limekuja na machungwa.

Kiboko ya Mabeki: Haya, nawapa jina. Abdelhak Benchikha. Mualgeria, yule wa USM Alger. Kachukua Shirikisho mwaka huu, kisha Septemba kamfunga Al Ahly kimoja kwenye Super Cup. Kwa sasa hana timu. Na kombe la Shirikisho kalichukua mikononi mwa nani? Muulizeni jirani anayekunywa chai.

Mwananchi Jangwani: Subiri kwanza. Hatukufungwa fainali ile. Hapa wao 2-1, kule sisi 1-0, tena tulishinda Algiers, nyumbani kwao, penye moshi wote ule. Jumla 2-2. Bao la ugenini. Sheria ya kizamani ambayo Ulaya wenyewe wameifuta.

Lunyasi Damu: Chai imepoa?

Mwananchi Jangwani: Naeleza hesabu tu. Nyie fainali hiyo mnaisikia kwenye redio.

Mzee wa Kijiweni: 1993 tulicheza fainali ya Kombe la CAF na Stella ya Abidjan, mwanangu. Kule sare, hapa nyumbani wakatufunga mbili. Na ASEC hawa wanaokuja wanatoka mji uleule. Sina raha na watu wa Abidjan.

Mama Nasra: Na kundi letu Jwaneng wamo tena. Mimi huyo Benchikha namtaka kwa ajili ya Jwaneng tu. Wengine wote baadaye.

Hesabu za Kichwa: Benchikha ni kocha wa nidhamu, wa kukaba na kukimbia. Nikirudi kwenye pumzi, ndiye anayefaa. Lakini atadai wachezaji wake Januari. Nani atamsajilia? Hapo ndipo swali langu lilipo tangu mwanzo.

Lunyasi Damu: Sawa, mimi simkatai. Ila Mgunda awe msaidizi wake. Tutakapomfukuza Mualgeria mwezi wa nne, tusianze kutafuta funguo.

Kiboko ya Mabeki: Msaidizi sawa. Apange koni.

Mgosi wa Chumbageni: Koni?

Mama Nasra: Kiboko, muombe radhi kaka wa watu. Siku nzima leo.

Kiboko ya Mabeki: Haya. Mgosi, samahani kwa machungwa. Nilikuwa na hasira za Jumapili. Mgunda ni mtu wa heshima, na mkimtaka awe kocha mkuu sitapinga tena.

Mgosi wa Chumbageni: Yameisha. Na wala simtaki Mgunda awe kocha mkuu wa Simba. Alipokuwa kwenu mlimshangilia mchana, usiku mkawa mnatafuta huyu Mbrazil aliyeondoka. Nataka arudi Coastal.

Kiboko ya Mabeki: Kwa hiyo umenisumbua siku nzima kwa ajili ya matunda?

Mgosi wa Chumbageni: Tena msimu wake ndio huu. Ukitaka gunia niambie, nauli ya basi juu yako.