Mdogo wangu wa Mpwapwa anataka mashine ya kukamua alizeti, nimpe hela?

Wakuu habari za mchana. Nipo Dodoma mjini, nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yupo kijijini Mpwapwa ana miaka 23. Mwaka jana kakusanya hela za vibarua kanunua alizeti gunia nane kapeleka mashineni, mafuta kauza barabarani kwenye chupa za maji na faida kapata, daftari lake nimeliona kaandika mpaka hela ya mfuko. Sasa anataka nimuongezee milioni 3 anunue mashine used. Hela ipo ila ndo akiba yote, na umeme wa kwao ni fezi moja, sijui kama utaisukuma mashine. Nifanyeje?

Babu_Kibaigwa: Mashine achana nayo. Inapiga kazi miezi michache baada ya mavuno, ikifika Desemba kuku wanalalia humo. Mpe hela ya mzigo, anunue mwezi wa 6 bei ikiwa chini, apange gunia juu ya mbao sio sakafuni, akamue kidogo kidogo.

kijana_mtata: Mkuu kama hiyo milioni 3 inakuchosha mi nipo 😂

MamaZabibu: Hamjauliza la maana. Mashudu yake, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, yalienda wapi? Wenye mashine wengi wanakukamulia bei poa halafu wanabaki na mashudu, kumbe wafugaji wanayagombania hayo.

Chemba_boy: Kuna ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, vijana wana 4, haina riba ila mwende kikundi cha watu watano. Sisi mwenzetu mmoja alihamia Dar kimyakimya, marejesho yake tukabeba wanne, kwa hiyo achague watu sio majina. Na hizo chupa za maji aache, aende SIDO, wale wa viwanda vidogo, wamuelekeze mambo ya TBS, wale wa viwango vya ubora.

Mleta uzi: Asanteni sana, dada MamaZabibu umenimaliza. Nimempigia sasa hivi, mashudu ya gunia zote nane kamwachia mwenye mashine, eti alijua ndo utaratibu, na mwenye mashine kafuga nguruwe! Nampa milioni 1 mwezi wa 6 ya mzigo, atafute mashine atakayolipa cash aondoke na mashudu yake. Hiyo mashine yake tutaongea mwakani.

Wife bado sijamwambia.