Shule inafunga Ijumaa, bweni ni vurugu tupu. Nianzie wapi?

Mlezi_Mpya
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu huku Mufindi, tangu Machi nimekabidhiwa ulezi wa bweni la wavulana. Tunafunga Ijumaa hii, likizo ya Juni, na nikiingia bwenini natamani kulia. Jana nimefungua tranka la kijana wa Form One, kufuli lilishapotea, amelifunga kwa kamba ya kiatu. Ndani: sukari imemwagikia daftari la Hisabati, sisimizi wameshahamia, soksi tatu zisizofanana, na kitabu cha maktaba kisicho na jalada. Huyo ni mmoja kati ya 86. Mashuka hayajulikani ya nani, vitabu havijarudi. Naomba mbinu za kuwaweka sawa kabla ya safari. Matusi hapana. Natanguliza shukrani.

Kiazi Mviringo
Viboko. Mods fungeni uzi.

Mzee wa Kitonga
Kamwene wanajamvi. Hii imenikumbusha 1994. Tulifunga shule, gari likatuacha Makambako saa nne usiku, baridi ile mnaijua wenyewe. Mama mmoja muuza chai akaniruhusu nikae karibu na jiko lake, tranka nimelikalia mpaka alfajiri. Nafika nyumbani funguo sina. Mzee akachukua shoka. Kitu cha kwanza kutoka humo ndani ni ripoti: nafasi ya 38 kati ya 41. Ningejua ningeipoteza ripoti nikabaki na funguo.

Kiazi Mviringo
Mzee umejibu nini sasa hapo 😂

Dada Matroni
Mwalimu, pole. Nimelea bweni miaka tisa, Njombe. Vitabu vikusanywe Jumanne, usisubiri Alhamisi, siku ya mwisho kila mtu atakuambia amekiazima kwa mwenzake. Waite kwa vitanda, mtu asimame mbele ya tranka lake lililo wazi, wewe na daftari. Nguo zifuliwe LEO. Juni Mufindi ukungu unakaa mpaka saa tano, sweta linachukua siku tatu kukauka, na mtoto akipakia sweta bichi akifika kwao limeota ukungu na yeye ananuka. Kazi za likizo ziende kwenye begi la mgongoni, maana zikiwa chini ya tranka zitarudi Julai kama zilivyokwenda. Form Two uwasisitize, mwisho wa mwaka wana mtihani wa Taifa. Halafu orodha ya njia: wa Songea, wa Tunduma, wa Iringa mjini, kila mmoja na namba ya mzazi atakayempokea. Nauli anashika nani?

Mlezi_Mpya
Asante sana dada, hiyo ya sweta sikuiwaza kabisa. Nauli iko sawa. Vipi kuhusu magodoro, yabaki au yaende?

Jiwe la Isimila
Iko sawa kwa nani? Umeulizwa anashika nani, wewe unakimbilia magodoro.

Mlezi_Mpya
Wazazi wa njia ya Tunduma wamenitumia mimi, kwenye simu. Ni utaratibu tuliokubaliana kwenye grupu lao.

Dada Matroni
Mkuu wa shule anajua?

Mlezi_Mpya
Nilikuwa nasubiri nafasi nzuri ya kumweleza. Nimeshalipa nusu kwa Coaster moja ya kukodi. Ni ya shemeji yangu, yuko Mafinga, dereva mzuri tu, hanywi. Kabla hamjanirukia: mwaka jana watoto walipanda magari ya njiani, mmoja aliibiwa begi stendi ya Nane Nane pale Mbeya, mwingine alipitilizwa. Mimi nimewaza usalama wao.

Mama Wawili wa Uyole
Mwalimu mimi ni mzazi na mwanangu yuko bweni. Ukinitumia ujumbe nikutumie nauli nitatuma, kwa sababu nakuamini. Ndiyo maana inauma. Hela ya mtoto wa mtu haiingii kwenye simu binafsi, hata kwa nia njema. Siku hizi kila kitu "nia njema".

Jiwe la Isimila
Hiyo Coaster ina kibali cha LATRA, wale wadhibiti wa usafiri wa ardhini, cha kukodishwa? Mkisimamishwa Makambako hamna kibali, watoto watashushwa barabarani na hilo baridi. Na shemeji wako utamdai vipi, utaenda kumwambia dada yako?

Mlezi_Mpya
Shemeji anashughulikia kibali. Nauli yake ni nafuu kuliko basi. Sikuja hapa kuuliza usafiri, niliuliza matranka.

Kiazi Mviringo
Wakuu tulieni, hii ni chai, stori ya kutunga. Nimepitia nyuzi zake za zamani. Februari huyu huyu alikuwa wakala wa parachichi Rungwe, anauza miche ya Hass. Leo ni mlezi wa bweni Mufindi. Kesho atakuwa rubani.

Mama Wawili wa Uyole
Kumbe! Na mimi nimeshakasirika na ugali umeungua.

Mzee wa Kitonga
Chai ya moto kabisa, hata sukari ipo, ile ya kwenye daftari.

Mlezi_Mpya
Mwalimu akiuza miche anaacha kuwa mwalimu? Shamba ni la mama, Tukuyu. Mshahara mnaujua. Anayetaka picha ya bweni nitamwekea ikiwa sura za watoto hazionekani.

Bwana Miche
Mkuu hiyo miche bado ipo? Nina ekari mbili Njombe. Imepandikizwa au ni ya kokwa?

Mlezi_Mpya
Imepandikizwa. Njoo PM.

Kiazi Mviringo
😂😂 Biashara imerudi.

Dada Matroni
Chai au si chai, mimi nina swali moja. Hiyo Coaster ina viti vingapi?

Mlezi_Mpya
28.

Dada Matroni
Na watoto uliopokea nauli zao?

Mlezi_Mpya
Dada, Form One ni wadogo wadogo, wanapakatana.

Dada Matroni
Wangapi, mwalimu?

Mlezi_Mpya
41.

Dada Matroni
Matranka utayaweka wapi?